Leso Niliyoitupa Msambweni

Mume wangu alilala kifudifudi miaka yote ya ndoa yetu, isipokuwa ile sita ya mwisho. Tulikuwa na godoro la sufi nililolijaza kwa mikono yangu mwenyewe, godoro la kuonewa wivu, lakini mgongo wake haukulikubali. Asubuhi baada ya maonyesho alijinyoosha juu ya mkeka karibu na mlango, penye mwanga, nami nikakaa kando yake na sindano niliyoichoma moto, nikimtoa vipande vya chupa kimoja kimoja na kuvitia katika kisahani. Nilimwosha kwa maji ya chumvi, nikampaka manjano na mafuta ya nazi. Yeye muda wote huo alikuwa akinisimulia jinsi watu walivyopiga kelele.

Watoto wa siku hizi wakiniuliza marehemu alifanya kazi gani nikawajibu mieleka, hunitazama kwa huruma, wakidhani bibi ameanza kupotea. Mieleka, Kwale? Naam, mieleka, Kwale, miaka ile bendera yetu ilipokuwa mpya na kila sikukuu ilitaka kitu cha kuwaonyesha watu baada ya hotuba. Hawakuiona wao. Mimi niliiona, na niliifua damu yake.

Ufundi ule aliutoa Mombasa. Alipokuwa kijana aliajiriwa kufagia ukumbi mmoja ambamo wanamieleka wageni walikuwa wakija kushindana, na wengi wao, alivyonieleza, walikuwa wakirushana kwa ustadi, wakiguna na kujishika viuno, kisha wakatoka nyuma wakinywa chai pamoja. Lakini mmoja wao, mzee mwenye paji la uso lililojaa makovu, alikuwa wa namna nyingine. Huyo alipigwa kwa viti na minyororo, akatoka damu kweli, na watu walimpenda kuliko mabingwa. Ndiye aliyemfundisha mume wangu kuanguka huku kidevu kimebanwa kifuani, na ndiye aliyemwonyesha jinsi ya kuficha kipande cha wembe katika kitambaa cha kidoleni, ujichane kidogo karibu na nywele, jasho liichukue damu na kuieneza uso mzima. Mzee yule alimwambia kwamba katika mieleka ya kawaida hasira ni ya uongo na maumivu ni ya uongo. Katika hii yao, hasira peke yake ndiyo ya uongo.

Nimeishi na mtu wa mieleka ya damu, kwa hiyo nina haki ya kusema yeye ni nani. Si mtu wa kupiga. Kupiga hata mlevi anaweza. Mtu wa mieleka ya damu ni yule anayepigwa, akaanguka, watu wakadhani yamekwisha, naye akainuka na kuomba apigwe tena. Vyombo vyake si vya ulingoni. Ni vitu vya nyumbani, ambavyo kila mtazamaji amevishika na anajua vinavyouma. Mume wangu alitumia benchi la shule, chupa za soda, seng'enge ya zizini. Alitumia pia mbuzi yangu ya kukunia nazi, aliyoichukua bila ya kuniuliza, na kwa ajili hiyo tuligombana kwa mara ya kwanza. Nilimpikia wali mkavu juma zima mpaka akaninunulia mbuzi nyingine. Alipoiburuta ile ya kwanza begani mwake pale Bongwe, meno ya chuma yakashika nyama, hakuna mwanamke uwanjani aliyehitaji kuelezwa.

Mzungu mmoja mwenye hoteli kule Diani alikuja kumtazama, akapenda, akataka awafanyie wageni wake baada ya chakula. Alikuwa na sharti moja, kwamba damu isiwepo. Mume wangu alimshukuru kwa adabu zake zote, akamwambia, "Bila ya damu, bwana, hiyo itakuwa ni ngoma nyingine, na wachezaji wake mimi siwajui." Nilimsuta kwa jibu hilo kwa miezi mingi. Leo ningelipa chochote kama angelikubali.

Mshindani wake alikuwa kaka yangu. Nicheke au nilie? Kaka yangu, aliyekuwa akikata miwa mashambani, mtu aliyegeuza uso kuku akichinjwa, ndiye aliyekuwa mbaya wa ulingo. Alijipaka masizi usoni, akatukana watu, akampiga shemeji yake kwa benchi. Watu walimwamini hasa. Kina mama wa Bongwe walimnyima hata maji ya kunywa; njiani wazee hawakuitikia shikamoo yake. Naye alirudi nyumbani akakaa chini, akamshika mume wangu mguu na kumwuliza, "Mlamu, nimekuumiza?" Mume wangu akamjibu, "Umenipapasa tu, mlamu. Kesho ule ushibe."

Walikuwa na ishara yao. Kabla ya pigo kubwa, kaka alijifanya anamnyonga, kumbe anamshika mkono na kuubana. Mume wangu akimbana naye, maana yake piga. Asipobana, acha. Mwamuzi hawakuwa naye. Mkono ule ndio uliokuwa mwamuzi.

Sasa, siku moja Bongwe, mume wangu alianguka vibaya akazimia. Hata mimi niliyekuwa nyuma ya watu nililiona jicho lake likigeuka jeupe. Kaka akambana mkono, na huyu mtu, aliyekuwa hayupo duniani, akambana naye! Akapigwa. Tulipofika nyumbani kaka alilia mpaka sauti ikamkauka.

"Mkono wako ni mwongo, mlamu," alimwambia. "Hata ukifa utanibana."

Mume wangu hakukana. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mtu wa namna ile hana neno la kuacha. Amelitoa kifuani mwake makusudi, ndipo akawa yeye. Basi lazima neno hilo alishike mtu mwingine.

"Dada ndiye atakayelisema," kaka akaamua. "Yeye anaujua mwili wako. Akitupa nguo ulingoni nitaacha hapo hapo, hata watu wanipige mawe."

"Nguo gani?" nikauliza.

"Kaniki. Kaniki nyeusi, inaonekana kutoka mbali."

Nikawaka. Kwetu kaniki ni nguo ya kulimia na nguo ya msiba. Mjane hujifunga kaniki akae eda. "Audhubillahi! Nimtupie mume wangu kaniki naye angali anapumua? Ulimi wako na ukatike!"

Mume wangu akacheka mpaka mgongo ukamwuma. "Mwache, mlamu. Akinitupia kaniki nitakufa kwa woga kabla ya benchi kunifikia."

Tukakubaliana nitumie leso yangu ya kujifunga, ile nyekundu yenye michoro ya korosho nyeupe. Na ilifaa. Karibu na Diani niliitupa mara moja nilipomwona anapumua kwa mdomo, kaka akaacha pale pale, watu wakatuzomea mpaka tukaondoka. Nilirudi nyumbani nikijiona mwanamke mwenye akili.

Kuna jambo jingine ambalo sina budi kulieleza. Mama yangu hakumkubali mume wangu. Harusini alikuja kwa kuogopa maneno ya watu, akakaa akiutazama ukuta. Alimwita "yule wa chupa." Kila alipopita kwangu alisimama nje, akaniuliza hali yangu, akakataa mkeka, akakataa maji. Miaka minne mama yangu mzazi hakunywa maji nyumbani kwangu. Mimi nilijifanya sijali. Mume wangu hakuweza hata kujifanya. Kila mama alipoondoka alikitazama kile kikombe kilichojaa, akakimwaga polepole kwenye mche wa mpapai. Aliwahi kuniambia kwamba makofi ya watu wote wa pwani hayakumtosha, maana kuna mikono miwili ambayo haijampigia.

Kwa hiyo ilipotangazwa kuwa sikukuu ile watacheza Msambweni, karibu na kwa mama, nilikwenda mimi mwenyewe kumwomba. Nilimpigia magoti. Nikamwambia, "Njoo umtazame mara moja tu, mayo, ndipo umkatae." Aliendelea kupepeta mchele wake. Lakini siku yenyewe nilipoinua macho nikamwona amekaa mbele kabisa juu ya mkeka, na shangazi zangu, na wifi zangu, na wanawake wa mtaa mzima aliowakusanya njiani, maana mama hakuwa mtu wa kwenda mahali peke yake. Mume wangu alimwona kabla yangu. Nilijua kwa jinsi alivyonyoosha mabega.

Sijapata kumwona akicheza kama siku ile. Alijikunja kwenye seng'enge, akavunjiwa chupa, akachubuliwa begani na mbuzi, akajichana paji la uso, damu ikashuka mpaka kidevuni, na kila alipoanguka aliinuka na kumwonyesha kaka kwa kidole: tena. Kaka naye alimtukana kwa sauti ya kutisha. Mama alikuwa ameziba mdomo kwa mkono, lakini macho hakuyaondoa.

Kisha kaka akamrusha, na alipoanguka shingo yake ikakuta kigingi cha kufungia kamba. Hilo halikupangwa. Nililisikia pigo lenyewe kutoka nilipokuwa nimesimama. Alikaa chini kidogo, halafu akainuka, watu wakashangilia kuliko mara zote. Mimi nilikuwa nautazama mkono wake wa kushoto. Ulikuwa wazi, vidole vimelegea, haufumbiki. Na mguu wa upande huo ulikuwa ukichora mchangani.

Nikaanza kuifungua leso yangu kiunoni.

Mama yangu akasimama. Alivua leso yake begani, leso mpya ya manjano aliyoivaa kwa sikukuu, akaitupa, ikamwangukia mume wangu kifuani. Alikuwa anamtuza. Kila aliyekulia kwetu anaijua desturi hii: mchezaji akikukuna moyo katika ngoma, humtupia leso yako, na leso ya kutuza hairudishwi. Shangazi zangu wakapiga vigelegele, nao wakatupa zao. Wakatupa wifi zangu. Wanawake wa mtaa mzima wakasimama wakicheza na kupunga mikono, na leso zikamwagika pale ulingoni, nyekundu, buluu, nyeusi na nyeupe, zenye korosho na zisizo na korosho.

Yangu ilikuwa miongoni mwao. Niliitupa kwa nguvu zangu zote, ikaanguka juu ya nyingine, na nyingine zikaanguka juu yake. Nikapiga kelele, vigelegele vikaimeza sauti yangu. Nikapunga mikono, kila mwanamke pale alikuwa akipunga mikono. Sisi watatu tulizaliwa katika ngoma, tuliona leso zikitupwa tangu tulipokuwa migongoni mwa mama zetu, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka siku ile tulipokuwa tukichagua nguo. Bongwe na Diani wengi wa watazamaji wetu walikuwa wanaume na wapita njia, na wale wanawake wachache hawakuwahi kumtuza mtu. Mimi nilikuwa nimewaleta watuzaji wenyewe, kwa magoti yangu.

Mume wangu aliishika ile leso ya manjano kwa mkono wake mzima. Alipiga goti moja, akamwinamia mama. Ninaapa kwamba alikuwa akitabasamu, na meno yake yalikuwa mekundu. Kaka akamfikia, akajifanya anamnyonga, akautafuta mkono. Akaushika ule wa kulia, uliokuwa bado na nguvu. Akaubana, nao ukabana.

Kaka akainua benchi. Mume wangu alitakiwa ageuze bega alipokee pigo, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Hakuweza kugeuka.

Tulimbeba juu ya kitanda cha kamba mpaka hospitali. Daktari alisema mishipa ya shingoni imeharibika, na kwamba tumshukuru Mungu kwa kuwa anapumua na anasema. Mimi sikuwa na shukrani. Nilitoka nje nikamkuta kaka amekaa kwenye majani, masizi yametiririka mpaka shingoni, nikamshika shati.

"Hukuiona leso yangu?"

"Niliziona zote, dada," akaniambia. "Yako ilikuwa ipi?"

Kama angelinikumbusha habari ya kaniki, ningeliweza kumchukia vizuri. Hakunikumbusha, siku ile wala siku nyingine. Huruma yake ile ilinichoma, na badala ya kumwomba radhi nilimwambia asije tena mbele ya macho yangu. Alikuwa mtiifu kaka yangu. Juma lile lile alivuka mpaka wa Lunga Lunga akaenda Tanga kukata mkonge.

Siku ya kumrudisha mume wangu nyumbani mama alikuja. Aliingia ndani bila ya kukaribishwa, akakaa kwenye mkeka, akasema, "Nipe maji." Nikampa. Akayanywa yote, akamgeukia mume wangu aliyelala chali juu ya godoro la sufi, akamwita mwanangu. Mume wangu alifumba macho, machozi yakamwingia masikioni kwa kuwa hakuweza kuyafuta.

Mama alipokwenda nilimwambia mume wangu kwamba sitaweza kunyamaza. Nitamweleza mama leso zao zilifanya nini.

"Usimwambie," akanijibu. "Hata nikifa. Mwenzio nimetuzwa siku ile. Usininyang'anye."

Leso za kutuza hazirudishwi, kwa hiyo zote zilibaki kwangu. Nilizifua, nikazikunja, na kwa miaka sita ndizo nilizomtandikia, nikamfutia, nikamgeuzia ubavu huu na ubavu ule. Mtu mzito asiyejigeuza hula nguo nyingi. Yangu ya korosho ilichakaa mapema. Ya mama, mume wangu aliikataza isitumiwe. Alitaka ikae ukutani, aione. Alisali kwa kutikisa kope, maana lile paji la uso alilolichana mara nyingi mbele za watu halikuweza tena kugusa mkeka. Siku nyingine aliniomba nimwite kaka. "Mpelekee salamu tu. Mwambie mlamu wake anamwulizia." Nilisema nitapeleka. Sikupeleka. Hilo halina kigingi wala benchi la kulisingizia, nililifanya mwenyewe nikiwa na akili zangu timamu, na ndilo linaloniamsha.

Alifariki asubuhi, baada ya uji, hali akinilalamikia kwamba sukari haikutosha.

Mama aliishusha ile leso ya manjano ukutani kwa mikono yake. "Mfunikeni kwa hii," aliwaambia wanaume. "Niliitupa siku niliyomjua ni nani." Alinitazama, akitaka nimwitikie. Nikamwitikia, "Ndiyo, mayo." Miaka mingi baadaye mama naye alikwenda, na siri ile sijamtolea mtu mpaka leo ninapoiandika.

Habari zilikuwa zimefika Tanga kwa midomo ya watu, si kwangu. Wanaume walipokuwa wanaliinua jeneza nilimwona kaka akija kwenye njia, anakimbia, amekonda, viatu mkononi. Alikuwa amechelewa kumwosha. Alipokaribia ua akasita, akawa hajui kama ana ruhusa ya kusogea, akatazama upande wetu. Uani palikuwa na wanawake wengi kuliko siku ile ya Msambweni, wamejifunga leso za kila rangi, na wengi wao walikuwa wakilia na kupunga mikono. Mimi peke yangu nilikuwa nimekwisha kufungwa kaniki nyeusi ya eda. Niliinua mkono wangu kumwita. Kaka hakutafuta hata kidogo. Aliniona kutoka kule kule njiani, akasimama hapo hapo, kama alivyoahidi siku ya kuchagua nguo.